Nani anafukua nyasi usiku?

Dada, kwa kuwa nyasi zinafukuliwa usiku na mashimo yapo kando ya maua, fuko mtoe kwenye orodha. Fuko husukuma udongo juu ukawa kichuguu, na shimo lenyewe hulioni. Huyo nadhani ni nungunungu, anafuata vitunguu vya maua. Angalia vilivyobaki: utaona alama pana za meno, pengine na mwiba mweusi na mweupe umedondoka. Hupenda kupita njia ileile, kwa hiyo tafuta anapopenya chini ya uzio. Hapo fukia wavu wa chuma kina cha sentimita 30, ukingo wa chini ukunje kuelekea nje. Sumu usitie kabisa, tafadhali! Inaweza kuua mbwa na bundi.