Kujiandaa kwa kikao cha mapitio ya kuzuiliwa nchini Kanada

Ndugu yako akishikwa na maofisa wa mpakani wa Kanada (CBSA), mna muda mfupi sana. Sheria inataka kuzuiliwa kwake kupitiwe ndani ya saa 48 au mara tu inapowezekana baada ya hapo, kisha ndani ya siku 7 zinazofuata, halafu angalau mara moja kila siku 30. Anayeamua ni mjumbe wa Kitengo cha Uhamiaji cha Baraza la Uhamiaji na Wakimbizi la Kanada (IRB). Hayuko chini ya maofisa waliomshika.

Wengi huutumia muda wao wa kusema wakieleza kwa nini wanastahili kubaki Kanada. Shauri hilo husikilizwa kwingine. Hapa mjumbe anataka kujua kama ipo sababu ya kisheria ya kumshikilia na, ikiwapo, kama anaweza kuachiwa kwa masharti. Basi kabla ya kukusanya karatasi yoyote, ulizeni ni sababu gani imeandikwa. Zinazotajwa mara nyingi ni hofu kwamba hatafika akiitwa, hatari kwa jamii, au utambulisho usiothibitishwa. Barua ya mchungaji inayosema ni mtu mwema haimsaidii aliyeshikwa kwa kukosa hati.

Ikiwa hofu ni kwamba atatoroka, kesi yote inamwegemea mdhamini, yaani mtu anayeweka fedha au ahadi ya fedha ili aliyeshikwa aachiwe. Awe raia au mkaazi wa kudumu, aishi Kanada, na aweze kweli kumsimamia anayemdhamini. Aandae kitambulisho, uthibitisho wa kazi au mapato, taarifa za benki, na mkataba wa nyumba ikiwa mtu atakaa kwake. Ataulizwa wamefahamiana vipi, mwenzake atalala chumba gani, atamfikishaje kwenye miadi, na kama yuko tayari kuwapigia maofisa simu akitoweka. Mdhamini mwenye fedha nyingi asiyejua hata kwa nini mwenzake ameshikwa huangusha maombi. Afadhali shangazi mwenye akiba ndogo anayeijua kesi nzima, kwa sababu kinachopimwa ni kama kupotea kwa fedha hizo kutamuuma yeye na aliyedhaminiwa. Fedha za kukopa kwa watu wengi huleta maswali mengi kuliko msaada. Na anwani iwe moja kila mahali: ikiwa kwenye fomu ni nyingine na mdhamini anataja nyingine, hapo mashaka yanaanza.

Ikiwa shida ni utambulisho, leteni cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, kadi ya kliniki, picha za zamani, chochote chenye jina na tarehe. Onyesheni pia juhudi za kuvitafuta. Aliyeomba hifadhi asikimbilie ubalozi wa nchi aliyoikimbia. Kanuni zenyewe zinatambua haja ya kutafuta hati bila kufichua habari zake kwa serikali hiyo. Azungumze kwanza na wakili, akiwemo wakili wa zamu wa msaada wa kisheria pale anapopatikana.

Mkalimani hulipiwa na baraza. Semeni mapema ni Kiswahili cha wapi: wa Bukavu na wa Unguja wanaweza kupishana kwenye tarehe na majina ya ukoo. Aliyeshikwa asipomwelewa mkalimani, aseme papo hapo, maana kikao kinarekodiwa na mjumbe wa kikao kijacho atauangalia uamuzi wa kwanza. Kuuacha uamuzi huo kunahitaji sababu za wazi.

Hati ziwe kwa Kiingereza au Kifaransa, pamoja na tamko la mfasiri. Kwa mapitio ya siku 30 ziwasilishwe angalau siku 5 kabla. Kwa yale mawili ya mwanzo, haraka iwezekanavyo. Akipatikana mdhamini mpya katikati, msingoje siku 30: ombeni kwa maandishi mapitio ya mapema, mkieleza jambo jipya.

Uamuzi ukiwa mbaya, ombi la ruhusa ya kuupinga katika Mahakama ya Shirikisho lina siku 15. Akiachiwa, asihame kabla ya kutoa taarifa ya anwani mpya kama masharti yanavyotaka. Akikiuka, fedha za mdhamini zinaweza kutaifishwa.