Malta na Estonia zilijiandaaje kuongoza Baraza la Umoja wa Ulaya?

SWALI: Ninasomea shahada ya uhusiano wa kimataifa. Tulipojadili uenyekiti wa Komoro katika Umoja wa Afrika mwaka 2023, mhadhiri wetu alizitaja Malta na Estonia, ambazo zote mbili ziliongoza Baraza la Umoja wa Ulaya mwaka 2017. Je, nchi yenye watumishi wachache kiasi hicho hujiandaa vipi, na ni nini kinachoizuia isikitumie kiti kujipendelea?

JIBU: Naanza na tofauti ambayo hata wanahabari huipita haraka. Uenyekiti wa Umoja wa Afrika hushikwa na mkuu wa nchi kwa mwaka mmoja. Rais Azali Assoumani aliupokea kutoka kwa Macky Sall wa Senegal mwezi Februari 2023, huku shughuli nyingi za kila siku zikiendelea kubebwa na Kamisheni iliyoko Addis Ababa. Uenyekiti wa zamu wa Baraza la Umoja wa Ulaya, yaani baraza la mawaziri wa nchi wanachama, huangukia serikali nzima kwa miezi sita. Tangu Mkataba wa Lisbon uanze kutumika mwezi Desemba 2009, vikao vya wakuu wa nchi vina rais wake wa kudumu, na vile vya mawaziri wa mambo ya nje huongozwa na Mwakilishi Mkuu wa Umoja. Ndiyo maana Malta iliposhika zamu Januari 2017, aliyeongoza vikao vya wakuu wa nchi alikuwa Donald Tusk, wala si Waziri Mkuu wa Malta, Joseph Muscat.

Kilichobaki kwa Malta ndicho chenye jasho. Chini ya mawaziri wamo mabalozi wa nchi wanachama walioko Brussels, wanaounda Kamati ya Wawakilishi wa Kudumu, na chini ya mabalozi zipo kamati na vikundi kazi vinavyokaribia 150 au zaidi, vinavyochambua miswada ibara kwa ibara. Baadhi yake vina wenyeviti wa kudumu, lakini vilivyo vingi humtegemea ofisa wa nchi yenye zamu. Kwa taifa ambalo watu wake wote hawakufika nusu milioni, maandalizi hasa ni kutafuta watu, na mahitaji ni makubwa kuliko yanavyoonekana, kwa kuwa mwenyekiti hawezi kuisemea nchi yake. Yeye huketi pamoja na maofisa wa sekretarieti ya Baraza, na mwenzake kutoka wizara ileile huketi kwenye kiti cha taifa kama wajumbe wengine. Muswada mmoja, kwa hiyo, unaweza kuhitaji wataalamu wawili au watatu pale ambapo wizara nyumbani ina mmoja tu.

Kazi ya mwenyekiti huyo ni kuandika kuliko kuhutubia. Baada ya kila kikao hutoa rasimu mpya ya maafikiano, ambayo maneno yaliyoongezwa huchapwa kwa herufi nzito na yaliyoondolewa huachiwa mabano yenye nukta, ili mjumbe wa kila nchi aone kwa haraka kilichobadilika. Kabla ya kikao lazima awe amekwisha kujua nani atapinga kifungu gani na kwa nguvu gani, kwa sababu mwaka 2017 uamuzi wa kawaida ulihitaji nchi 16 kati ya 28 zenye asilimia 65 ya watu wa Umoja. Ujuzi wa namna hii haupatikani kwa semina ya wiki moja. Maofisa hupelekwa Brussels mapema, ofisi ya ubalozi wa nchi kwenye Umoja hupanuliwa, na kwa maoni yangu nchi ndogo hufanya vyema zinapowaachia watu wake walioko Brussels uamuzi wa mambo mengi badala ya kusubiri maelekezo kutoka wizarani. Sekretarieti ya Baraza nayo ina kumbukumbu ya miaka mingi kuhusu kila jalada, na nchi isiyo na wataalamu wa kutosha hulazimika kuisikiliza.

Estonia ilikutana na mtihani wa ziada. Zamu yake ilipangwa kuanza Januari 2018, lakini Uingereza, baada ya kura ya maoni ya Juni 2016 ya kujitoa katika Umoja, ilikiachia kiti chake cha nusu ya pili ya 2017, na mwezi Julai 2016 Baraza likaisogeza Estonia mbele kwa miezi sita. Kanuni zinaitaka nchi itangaze tarehe za vikao vyake miezi saba kabla ya zamu kuanza, kwa hiyo ilibakiwa na takriban miezi minne ya kupanga kalenda nzima. Kana kwamba hayo hayatoshi, mwezi Novemba 2016 serikali ya Waziri Mkuu wa Estonia, Taavi Rõivas, ilianguka kwa kura ya kutokuwa na imani, akaingia Jüri Ratas. Malta nayo ilifanya uchaguzi mkuu tarehe 3 Juni 2017, ikiwa bado kitini. Vikao viliendelea katika nchi zote mbili, na hapo ndipo unapoona faida ya kuyakabidhi maandalizi kwa maofisa wa kudumu.

Kuhusu kujipendelea, mwenyekiti ana uwezo wa kuamua lipi lijadiliwe kwanza na lipi lisubiri, na nchi huutumia uwezo huo bila kuficha. Malta, iliyoko katikati ya Mediterania, iliwakutanisha wakuu wa nchi mjini Valletta tarehe 3 Februari 2017 kuzungumzia uhamiaji. Estonia iliwaita Tallinn mwezi Septemba kuzungumzia masuala ya kidijitali. Lakini sehemu kubwa ya ajenda hurithiwa. Gharama za ziada za simu kwa wasafiri ndani ya Umoja ziliondolewa Juni 2017, Malta ikiwa kitini, kutokana na maafikiano na Bunge la Ulaya yaliyopatikana mwishoni mwa Januari. Msimamo wa Baraza, hata hivyo, ulikuwa umepatikana Desemba, chini ya Slovakia. Isitoshe, nchi tatu zinazofuatana hupanga pamoja programu ya miezi 18, na Malta ilikuwa ya tatu baada ya Uholanzi na Slovakia. Anayependelea upande wake waziwazi hupoteza imani ya wajumbe, na rasimu zake hukwama. Nchi ndogo ina nafuu hapa: katika miswada mingi haina viwanda vikubwa vya kulinda, hivyo wengine huamini upesi kwamba inatafuta suluhu.

Katika masomo yako usiipime Komoro kwa kipimo cha vikundi kazi, kwa kuwa haikuombwa kuendesha mtambo wa aina hiyo. Hata Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika lina mwenyekiti wake anayebadilika kila mwezi. Ipime kwa diplomasia ya rais: mwezi Septemba 2023 mjini New Delhi, Umoja wa Afrika ulipokaribishwa kuwa mwanachama wa kudumu wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, aliyeketi kwenye kiti cha Umoja huo alikuwa Azali.