E3 iliishia wapi?

SWALI: Mhariri, vijana wa banda letu la gemu huuliza kila Juni maonyesho ya gemu ya E3 ni lini. Mbona hayasikiki? – Msomaji, Majengo, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, yamekwisha, waandaaji walitangaza hivyo Desemba 2023. Yalianza Mei 1995 mjini Los Angeles, maana awali gemu zilibanwa pembeni katika maonyesho ya vifaa vya elektroniki, CES. Mwaka huo wa kwanza ulikuwa mtamu kweli: Sega ilitangaza mashine yake ya gemu, Saturn, kwa dola 399, tena inauzwa siku hiyohiyo. Baadaye Steve Race wa Sony akapanda jukwaani, akatamka “299” tu, akashuka. Ndiyo bei ya PlayStation. Ukumbi ukapiga makofi.

Msilaumu korona pekee. Tangu 2013 Nintendo iliacha mkutano wake mkubwa wa jukwaani ikategemea video za mtandaoni, na 2019 Sony haikwenda kabisa. Kampuni kubwa zikitoka, watu watafuata nini?

Sasa tazameni onyesho jingine la gemu, Summer Game Fest, Juni. Angalieni saa: Los Angeles iko nyuma yetu kwa saa 10 majira hayo. Saa nane mchana kwao ni saa sita usiku Mombasa, na tarehe imeshageuka. Hapo ndipo wengi hukosea.