Kidole tumbo: maswali ya waliopasuliwa na wanaowauguza

Maswali ya kidole tumbo yamerundikana hata nimeona niyajibu yote kwa pamoja. Najibu kama muuguzi wa wodi ya upasuaji, niliye karibu na mgonjwa kabla ya kisu na baada yake. Aliye na maumivu sasa hivi asimalize kusoma, aende hospitali.

Shikamoo dada. Mume wangu aliumwa tumbo siku mbili. Usiku wa pili maumivu yakakatika ghafla, akalala, nami nikamshukuru Mungu. Kulipokucha anatetemeka, tumbo gumu kama ubao. Amepasuliwa na anaendelea vizuri, ila sijaelewa: kwa nini maumivu yalikatika?

Marahaba, na pole sana. Kidole tumbo ni kijifuko chembamba, mara nyingi cha sentimita 6 hadi 10, kilichoshikana na mwanzo wa utumbo mpana, chini upande wa kulia. Mdomo wake ukiziba, pengine kwa kinyesi kilichokauka au kwa tezi zilizovimba, ute unazidi kujaa ndani na hauna pa kutokea. Kinavimba, damu haipiti vizuri kwenye ukuta wake, bakteria wanazaana. Siku kinapopasuka, ule mkandamizo unaachia na mgonjwa anahisi nafuu. Nafuu hiyo ni ya muda mfupi mno, kwa sababu uchafu umeshamwagika tumboni na sasa unashambulia utando unaofunika matumbo. Ndipo tumbo linapokaza, homa ikapanda na mtu akaanza kutetemeka. Hukukosea kushukuru. Hakuna aliyekuwa amekueleza.

Basi niwaeleze wengine. Maumivu yakianzia kitovuni, baada ya saa kadhaa yakahamia chini kulia, na mtu hataki chakula, anasikia kichefuchefu, hayo si ya kulala nayo. Mtazame anavyotembea: ameinama, mkono umeshika nyonga ya kulia. Akikohoa anakunja uso. Gari likiingia shimoni analia. Hatari ya kupasuka inapanda sana siku ya kwanza na nusu ikishapita, na wengi wanaoletwa wamechelewa walikuwa wanasifiwa nyumbani kwa uvumilivu wao. Kwa watoto wadogo, wazee na wajawazito dalili huenda zisifuate mpangilio huo, kwa hiyo kwao mashaka kidogo tu yatosha kuwapeleka. Na tafadhali, mwenye tumbo ambalo hujui linaumwa nini usimpe dawa ya kufungua choo.

Mama mkwe hataki wajukuu wale tunda lolote lenye mbegu. Yuko sahihi?

Watoto wale matunda. Mbegu imewahi kukutwa ndani ya kidole tumbo, lakini ni nadra mno. Upasuaji wa kwanza wa kukitoa unaojulikana ulifanyika London mwaka 1735, na daktari Claudius Amyand alikuta humo pini aliyokuwa ameimeza mvulana wa miaka 11. Mtoto yule alipona, na wakati huo nusu kaputi ilikuwa haijapatikana. Kila nikimkumbuka namwonea huruma.

Daktari amesema kwa hali yangu naweza kutibiwa kwa antibiotiki bila kupasuliwa. Nikubali?

Ni tiba ya kweli, kwa mtu mzima ambaye kipimo kimeonyesha kidole tumbo hakijapasuka wala hakina jipu. Nchini Finland waliwafuatilia wagonjwa wa namna hiyo, na matokeo ya miaka 5 yakatolewa mwaka 2018: karibu watu 4 katika kila 10 waliopewa antibiotiki walikuwa wameshapasuliwa ndani ya muda huo, wengi wao mwaka wa kwanza. Sita waliobaki hawakuguswa na kisu.

Muulize daktari mambo mawili. La kwanza, je, picha imeonyesha kijiwe cha kinyesi kimeziba mle ndani? Kikiwepo, uwezekano wa dawa kushindwa unaongezeka. La pili, maumivu yakirudi usiku wa manane, utafikaje hospitali? Kwa anayeishi mbali na chumba cha upasuaji, mimi ningeshauri kisu. Na dawa hizi huanzwa hospitalini, mara nyingi kwa mshipa, huku unaangaliwa. Kujinunulia vidonge na kujitibu nyumbani ni jambo jingine kabisa, na ni la hatari.

Nimepasuliwa jana kwa vitundu vitatu. Bega la kulia linaniuma kuliko tumbo, na nesi ananilazimisha nitembee. Hana huruma?

Anayo, na ndiyo inayomfanya akusumbue. Kitundu kimoja kilipitisha kamera ndogo, na ili ione vizuri, tumbo lako lilijazwa gesi ya kaboni dioksidi. Inayobaki inachokoza kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na mshipa wake wa fahamu unatoka shingoni, mahali pamoja na inayohudumia bega. Basi ubongo unasikia bega. Inaisha yenyewe kwa siku mbili tatu.

Kutembea kunazuia damu isigande miguuni, kunafungua mapafu na kunauamsha utumbo. Wengi wanateseka kwa sababu wanajiinua kitandani kifua mbele, na mshono unavutwa wote. Fanya hivi: kunja magoti, jiviringishe mwili mzima hadi ulale ubavu, shusha miguu ukingoni, halafu jisukume kwa kiwiko na kiganja mpaka ukae. Kaa kidogo, kichwa kisizunguke. Simama. Ukitaka kukohoa au kucheka, kumbatia mto tumboni na uukandamize. Omba dawa ya maumivu mapema, ukatembee ikiwa imeshafanya kazi. Kukaa na maumivu bila kusema hakuharakishi kupona, kunakufanya ulale tu bila kujigeuza.

Leo siku ya nne sijapata choo. Naogopa kujikamua nyuzi zisikatike.

Dawa kali za maumivu, mfano morfini na tramado, hufunga choo. Mshono una tabaka kadhaa na haufumuki kwa sababu ya kwenda haja, lakini usijikamue kwa nguvu. Kunywa maji, tembea, weka miguu juu ya kistuli ukiwa chooni, na omba dawa ya kulainisha choo; sasa inaruhusiwa. Ukijamba furahi, maana utumbo umeamka. Ila tumbo likijaa, unatapika, na hata upepo hautoki, rudi hospitali.

Kidonda changu kimekauka vizuri. Leo siku ya nane homa imerudi, nasikia baridi, na haja kubwa inanibana kila saa lakini natoa kidogo kidogo. Naona haya kuwasumbua tena wauguzi.

Wewe nilikujibu saa ileile. Hapa nawajibu wengine. Kidonda kinaweza kupendeza kwa nje huku jipu likijijenga ndani, hasa pale ambapo kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Jipu likikaa chini kwenye nyonga linaugusa utumbo wa mwisho, ndiyo haja ikawa inabana bure. Huonekana kwa picha ya ultrasaundi au ya CT, na hutibiwa kwa antibiotiki, mara nyingine kwa kupitisha mrija wa kutoa usaha. Likiwahiwa, kwa kawaida linapona vizuri.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, wekundu unaosambaa, usaha, harufu, mshono kuachia, kutapika kusikokoma, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kupumua kwa shida: lolote kati ya haya, nenda siku hiyohiyo. Nesi wa wodi angependa akuone mara kumi bure kuliko akupokee umebebwa.

Kazi, gari, mizigo na mambo ya chumbani, lini?

Kazi ya kukaa, wiki moja hadi mbili. Waliofunguliwa kwa mkato mmoja mkubwa huchelewa zaidi. Mizigo mizito ingoje wiki 4 hadi 6, au kama daktari wako alivyosema, usije ukapata ngiri kwenye kovu. Gari liendeshe ukiwa hutumii tena dawa zinazoleta usingizi na unaweza kukanyaga breki ya ghafla bila kusita. Chumbani, pale mwili unaporidhia bila maumivu. Kuoga maji ya kumwagika kwa kawaida ni sawa baada ya siku mbili. Kuogelea, kidonda kikishafunga kabisa.

Na jambo ambalo hakuna aliyeliuliza: kidole tumbo kilichotolewa hupelekwa maabara kukaguliwa, kwa kuwa mara chache sana hukutwa na uvimbe unaohitaji matibabu zaidi. Kabla hujaruhusiwa, uliza majibu hayo yanatoka lini na utayachukua kwa nani.