Mmehamia Moshi na mnanuniana kwa vitu vidogo

Pole sana, mdogo wangu. Unasema mmehama Nakuru mwezi wa tatu, mumeo alipopata kazi huku Moshi, na sasa kila jioni mnanuniana: umeme umeisha, bei zinawachanganya, sokoni unachekwa. Mimi na mume wangu tulitoka Eldoret, tukayapitia hayohayo.

Bei acheni kuzigeuza kuwa za Kenya kichwani, mtachoka bure. Zoeeni shilingi ya hapa.

Wanaokucheka soko la Mbuyuni hawakudharau. Mimi niliomba dhania mara tatu, muuzaji ananikodolea macho tu. Kumbe hapa wanaita giligilani. Tena nilisema "nipe". Sema "naomba", na kwa mtu mzima tanguliza shikamoo. Siku nilipoanza hivyo, mama yule alinitilia nyongeza ya nyanya bila kuombwa.

LUKU, huu umeme wa kulipia kabla, kazi ya kuununua apewe mtu mmoja, basi. Sisi ilikata ugali ukiwa nusu jikoni, kila mmoja akidhani ni zamu ya mwenzake kununua. Tulilala njaa na hatukusemezana hadi kesho yake mchana.

Lakini nakuomba sana, zitunzeni asubuhi. Masika mlima hujificha siku nyingi, ila kuna alfajiri unafunguka wote, theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikipata rangi ya waridi. Mume wangu huniamsha, tunasimama uani na vikombe vya chai, kimya. Jumamosi tunakula mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, nyuma ya stendi, bakuli moja, vijiko viwili.