Ulimi unaowaka moto: kidonge cha kumumunya na kutema

Dada, umesema ulimi na midomo vinakuwaka moto kwa miezi sasa, daktari amekuandikia klonazepamu ya kumumunya kisha uiteme, nawe umeingiwa na hofu kwa kuwa ni dawa ya kifafa. Mimi naitumia kwa tatizo hilohilo.

Pole sana. Maumivu haya yanachosha mno, maana anayekuchungulia kinywani haoni kidonda wala utando. Asubuhi una nafuu, mchana ncha ya ulimi inaanza kuwaka, jioni moto umeshafika kwenye kaakaa. Ukila, unatulia kidogo. Asikwambie mtu kwamba unajifanya. Neva ndizo zinazopeleka taarifa ya kuungua ilhali hakuna kinachoungua.

Dawa ni ileile ya kifafa, ila hapa inakusudiwa kuzituliza neva za kinywani penyewe. Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio ambalo wagonjwa walikaa na kidonge cha miligramu 1 kinywani kwa dakika 3, wakatema, mara tatu kwa siku, kwa siku 14. Walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kipimo chako lakini ni kile alichoandika daktari wako.

Namna ya kutumia ndiyo yenye kazi. Naloweka kinywa kwanza kwa funda dogo la maji, kwa sababu kikiwa kikavu kidonge hakiyeyuki. Nakiweka juu ya ulimi, kikishalainika nayasukuma mate yenye dawa hadi panapowaka: ncha, pembeni, nyuma ya meno ya mbele, ndani ya mdomo wa chini. Siongei. Mate yakijaa nainamisha kichwa yasije yakateleza kooni. Muda ukitimia natema yote, na sili wala sinywi kwa muda kidogo. Moto haukuisha kabisa, ila jioni zangu sasa zinavumilika, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Hata ukitema, dawa kidogo huingia kwenye damu. Inaleta usingizi, kwa hiyo usiendeshe gari mpaka ujue inakupelekaje. Usichanganye na pombe, dawa za usingizi au dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Mwili unaweza kuizoea, basi usiiache ghafla. Daktari akupunguzie taratibu.

Jeli ya ganzi ilinipa nafuu fupi tu, na wapo ambao huwazidishia moto. Maji ya pilipili ya kusukutua pia hutumika, lakini huunguza kwanza. Sikuyaweza.

Ninalokusihi zaidi ni vipimo, kama hujafanyiwa: madini ya chuma, vitamini B12, foliki asidi, zinki, sukari, tezi ya shingo, na fangasi wa kinywani. Kimojawapo kikiwa ndicho chanzo, hicho ndicho cha kutibiwa. Mwonyeshe daktari dawa zako zote pia, hasa za presha za kundi la enalapili na kaptopili, maana zinaweza kuleta hali hii. Dawa ya meno yenye povu jingi, minti au mdalasini ibadilishe; mimi nilipobadilisha, mwasho wa asubuhi ulipungua. Na ukiona utando mweupe, au kidonda kinachopita wiki 2 bila kupona, rudi hospitali mapema, usingoje tarehe ya miadi.