Si uvivu kaka, watu washaanza kujitafutia

Kaka umeuliza mbona watu wako hapo hotelini Shela, Lamu, wanakosa kuja kazini tangu wasikie watapunguzwa, na kama uwaandikie barua za onyo vile meneja anataka. Mimi ni supavaiza huku Malindi, nishapitia hayo 2014 watalii walipokauka baada ya shambulio la Mpeketoni, halafu tena korona.

Wa kwanza kupotea ni wale wazuri. Weita anayekimwaga Kitaliano ana pa kwenda, utasikia mtoto mgonjwa kumbe yuko Watamu anaulizia kazi kwenye mavila. Asiye na pa kwenda ndo anakuja hata na homa, tulikuwa na mama mmoja londri anakunja shuka huku anakohoa, ukimwambia nenda hospitali anakwambia nikienda jina langu litaandikwa kwa wale wa kupunguzwa. Kwa hivyo rejista kujaa si kwamba watu wana moyo na kazi.

Kinachowamaliza zaidi ni kutojua. Rosta yetu ya zamu ilibandikwa mlangoni pa jikoni, watu wanaisongea kama matokeo ya mtihani, ukikuta jina limerukwa hujui ni siku yako ya ofu ama ndo basi.

Sasa hizo barua, angalia vizuri. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 kifungu cha 40 inataka notisi ya mwezi mzima, afisa wa leba ajulishwe, na ukipunguzwa ulipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Lakini kukosa kuja kazini bila ruhusa ni kosa kubwa, kifungu cha 44, unaweza kufutwa bila notisi na hizo siku 15 usizione, ingawa lazima usikizwe kwanza. Kuna mameneja wanafurahi watu wakipotea, inawatokea bei rahisi!! Waambie watu wako hilo mapema, na wajue hata kwenye kuchagua nani aende, kutegemeka kunaangaliwa pamoja na miaka na ujuzi.

Mimi anayetaka kwenda intaviu nilikuwa nampa siku kwa maandishi, inakatwa kwa livu yake, na kesho yake anarudi.

Na wakishaondoka wa kuondoka, vyumba vikiwa vilevile na mtu mmoja anafanya vya wawili, waliobaki nao wataanza kuumwa migongo. Hiyo barua ya daktari usibishane nayo, ni ya kweli.